Mganga Hajigangi: Kauli Kuhusu Kupima Hali ya Wanaofundisha Udaktari

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kuwa ustadi alio nao huenda usimfae yeye mwenyewe siku ya shida. Hata hivyo, methali yenyewe inaacha swali moja bila jibu: maadamu mganga hajigangi, ni nani basi atakayemganga? Na kabla ya kumganga, ni nani atakayetambua kwamba mganga huyo anaumwa? Swali hili huwa zito zaidi linapoelekezwa kwa kundi la waganga lisilotajwa mara nyingi, yaani wale wanaowafundisha waganga wengine. Daktari mmoja akichoka, wagonjwa wake ndio wanaoathirika. Mwalimu wa madaktari akichoka, athari hiyo hupitia kwa wanafunzi wake na kuwafikia wagonjwa ambao yeye hatawahi kuwaona.

Katika miongo ya karibuni, hospitali na vyuo vingi duniani vimeanza kupima hali ya watu hawa kwa kutumia hojaji. Makala haya yanashikilia kwamba upimaji huo ni wa haki na unahitajika, ila utakuwa kazi bure, na pengine wenye madhara, iwapo mambo matatu hayatazingatiwa: maneno yanayotumiwa kuuliza, kitu chenyewe kinachopimwa, na hatima ya majibu yanayotolewa. La kwanza kati ya hayo linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, ijapokuwa wengi wao huenda wakadhani kwamba udaktari si uwanja wao.

Mshika Mbili

Mhadhiri wa udaktari hafanani na wahadhiri wengine chuoni. Mhadhiri wa fasihi akitoka darasani, matini yake humngoja rafuni bila kulalamika. Mhadhiri wa upasuaji akitoka darasani, matini yake iko wadini, inavuja damu na ina jamaa wanaosubiri habari mlangoni. Nchini Kenya, hali imekuwa hivyo tangu mafunzo ya udaktari yalipoanza Nairobi mwaka 1967, na ndivyo ilivyo pia Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi huwafunza madaktari wake katika hospitali ya rufaa iliyo mjini humo. Mhadhiri huajiriwa na chuo, lakini hufanya kazi hospitalini. Asubuhi huzuru wadi akifuatwa na msururu wa wanafunzi. Mchana huingia chumba cha upasuaji au ukumbi wa mihadhara. Jioni husoma tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Na usiku simu yake haizimwi, kwa kuwa daktari mwanagenzi aliye zamu huenda akakwama. Juu ya hayo, chuo humdai utafiti na machapisho kabla ya kumpandisha cheo.

Methali husema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Mhadhiri wa udaktari hushika tatu au nne, na huambiwa kwamba hakuna hata moja inayoruhusiwa kumponyoka. Uzito wa nafasi hii ulidhihirika waziwazi mapema mwaka 2017. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma nchini, ulioanza tarehe 5 Desemba 2016, ulidumu kwa siku 100 hadi Machi 2017. Kabla haujakwisha, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nao waligoma. Mtu aliyekuwa daktari na mhadhiri kwa wakati mmoja alijikuta katikati ya migogoro miwili, kila mmoja ukimdai uaminifu wake, huku wagonjwa wakikosa huduma na wanafunzi wakikosa masomo. Migogoro hiyo ilipokwisha, yaliyohesabiwa hadharani yalikuwa siku zilizopotea na fedha zilizodaiwa. Gharama iliyobaki katika nafsi za walimu hao haikupata nafasi katika hesabu hizo.

Safari ya Kipimo

Wazo la kuipima hali ya mtu kazini halikuzuka jana. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ilikwisha kueleza kwamba afya ni zaidi ya kukosa maradhi; ni mtu kuwa katika hali njema kimwili, kiakili na kijamii. Fasili hiyo ilifungua mlango wa swali gumu: ikiwa afya ni hali njema, hali hiyo hupimwaje?

Mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi New York, aliandika kuhusu wahudumu wa zahanati iliyotoa matibabu bila malipo. Aliona kwamba waliojitolea zaidi ndio waliokuwa wa kwanza kuishiwa. Aliitumia taswira ya kitu kilichoungua hadi kikabaki gofu. Mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha hali hiyo. Kipimo hicho kina kauli 22, na mhojiwa hueleza ni mara ngapi kila kauli humhusu, kuanzia sufuri, yaani kamwe, hadi sita, yaani kila siku. Kauli hizo zimegawika katika nguzo tatu: kuishiwa nguvu za hisia, kuwa baridi kwa watu anaowahudumia mtu, na kuona kwamba kazi yake haina tija.

Kipimo kingine, kifupi zaidi, kilitolewa mwaka 1998 chini ya Shirika la Afya Duniani. Hicho kina kauli tano tu, zote zikiuliza mema: furaha, utulivu, uchangamfu, usingizi unaoburudisha, na maisha yenye mambo ya kuvutia. Mhojiwa huangalia wiki mbili zilizopita, hutoa alama kati ya sufuri na tano kwa kila kauli, kisha jumla huzidishwa kwa nne ili ipatikane alama ya mwisho kati ya 0 na 100.

Vipimo vikishakuwapo, tafiti zilimiminika. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipochomoza. Mwaka 2018, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti 182 kutoka nchi 45, zilizowahusisha madaktari 109,628. Waandishi wa mapitio hayo waligundua kwamba watafiti walikuwa wametumia fasili zisizopungua 142 za kile walichodai kukipima. Matokeo yake ni kwamba kiwango cha madaktari waliosemekana kuathirika kilianzia asilimia 0 hadi asilimia 80.5. Tofauti ya aina hii haitokani na madaktari peke yao. Fundi wawili wakipima ukuta mmoja, mmoja akasema una urefu wa hatua mbili na mwingine akasema hatua mia, hakuna atakayeulaumu ukuta. Watu watauliza hatua ni nini.

Somo hapa ni la kiisimu kabla ya kuwa la kitakwimu. Hesabu huanza na fasili, na fasili ni kazi ya lugha. Asiyejua analolitaja hawezi kujua analolihesabu.

Hujambo na Majibu Yake

Endapo fasili 142 zilipatikana katika tafiti zilizoandikwa kwa wingi katika lugha moja, itakuwaje hojaji hizo zinapovushwa hadi katika lugha na utamaduni mwingine? Chukua salamu ya Kiswahili. Kiini cha hujambo ni neno jambo, nayo ni swali kuhusu iwapo mtu amepatwa na jambo. Hata hivyo, jibu lake limekwisha kuwekwa: sijambo. Mgonjwa aliye kitandani hujibu sijambo kwanza, kisha ndipo asimulie ugonjwa wake. Anayeulizwa habari hujibu nzuri, hata kama ametoka kuzika. Anayeulizwa hali hujibu njema, au humshukuru Mungu. Hakuna anayedanganya hapa. Adabu ya lugha inadai kwamba jibu la kwanza liwe la heri, na kwamba ukweli ufuate baada ya mwenye kuuliza kuonyesha kuwa ana muda wa kusikiliza.

Sasa hojaji yenye kauli tano za heri ikiwekwa mbele ya mtu aliyelelewa katika adabu hii, upo uwezekano mkubwa kwamba atajibu kama anayejibu salamu. Alama zake zitapanda, na mpimaji atarudi ofisini akiwa ameridhika, kumbe amekusanya heshima badala ya habari. Hojaji haina muda wa kusubiri lile neno la pili, lile ila au lakini ambalo katika mazungumzo ya Kiswahili ndilo hubeba shehena yote.

Tatizo la msamiati ni kubwa vilevile. Neno lipi la Kiswahili litasimama badala ya taswira ya Freudenberger? Uchovu ni neno la kwanza kumjia mfasiri, lakini uchovu huisha mtu akilala, ilhali hali inayozungumziwa huamka pamoja na mtu asubuhi. Kuchakaa ni karibu zaidi, kwa kuwa nguo iliyochakaa hairudishwi upya kwa kufuliwa. Hata hivyo, huzungumzia vitu zaidi kuliko watu. Kukinai ni hatari zaidi, maana neno hilo lina nyuso mbili: mtu aliyekinai anaweza kuwa ametosheka na kuridhika, na pia anaweza kuwa amechoshwa na kitu hadi hataki kukiona. Mhadhiri akiwekewa kauli kwamba amekinai kazi yake, wawili wenye hali zinazopingana wanaweza kutoa jibu moja, na takwimu ikawahesabu kuwa ndugu.

Hata ngazi za majibu hazijasalimika. Mara kwa mara kwa msemaji mmoja ni jambo linalotokea kila baada ya muda. Kwa mwingine ni jambo lisilokoma. Mfasiri akiliweka neno hilo katikati ya ngazi bila kulipima, ameyumbisha ngazi nzima.

Ifahamike kwamba mbinu ya tafsiri rejeshi, inayotegemewa sana na watafiti wa afya, haitoshi kuliondoa tatizo hili. Neno la asili likifasiriwa kuwa uchovu, kisha uchovu ukarudishwa katika lugha ya asili na mfasiri wa pili, matini mbili zinaweza kufanana vizuri huku dhana ikiwa imedondoka njiani. Kinachohitajika ni usawe wa dhana, na huo hupatikana kwa kukaa na wasemaji, kuwauliza walielewa nini, na kuyasikiliza maneno wanayoyatumia wenyewe.

Barani Afrika mfano mzuri upo. Huko Harare, Zimbabwe, watafiti hawakuanza na orodha kutoka ng'ambo. Waliwasikiliza wagonjwa na waganga, wakakusanya namna Washona wanavyoyaeleza mateso ya nafsi, likiwamo neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hojaji yenye maswali 14 iliyotokana na kazi hiyo, na ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997, iliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Mswahili naye ana utajiri wa namna hiyo. Husema kwamba fulani ana mawazo, na kila asikiaye huelewa kuwa hayo si mawazo ya mwanafalsafa. Husema moyo umekufa ganzi, roho imekuwa nzito, mwili upo lakini mtu hayupo. Semi kama hizi ni data. Zinangoja kukusanywa na watu waliofunzwa semantiki na isimujamii.

Kazi haijalala kabisa upande huu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kujaribu tafsiri ya Kiswahili ya hojaji ya sonona yenye maswali tisa miongoni mwa wagonjwa jijini Nairobi. Mwaka 2018 kikafuata chapisho kuhusu tafsiri ya Kiswahili ya kile kipimo cha kauli tano, iliyojaribiwa miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wale wenye kifafa katika pwani ya Kenya. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini zote ziliwahusu wagonjwa. Mganga angali hajaulizwa.

Mgonjwa Anapobadilishwa Ngeli

Wapo watakaopinga kwamba mhadhiri wa udaktari nchini Kenya amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, anafundisha kwa Kiingereza, na kwa hivyo hana haja ya hojaji ya Kiswahili. Hoja hii ina nguvu yake. Hakuna anayedai kwamba daktari bingwa atashindwa kuielewa sentensi ya Kiingereza.

Hata hivyo, kuielewa lugha na kuungama kwayo ni mambo mawili tofauti. Lugha ya kazi ndiyo lugha ambayo daktari amefunzwa kuficha nafsi yake ndani yake. Ndiyo lugha ya ripoti, ya istilahi, ya umbali. Akitaka kumweleza mwenzake kwamba siku imemlemea, mara nyingi huhama, akaingia Kiswahili au lugha ya mama. Isitoshe, udaktari haufundishwi na wahadhiri wenye uprofesa peke yao. Wauguzi wakongwe, matabibu na mafundi wa maabara huwafundisha wanafunzi kila siku wadini, na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927, kina kampasi katika pembe nyingi za nchi. Kipimo kinachomfaa profesa pekee huwaacha nje wengi wanaobeba mzigo huo.

Tena, Kiswahili kina uwezo wa kufichua jambo ambalo kipimo chenyewe kinalitafuta. Nguzo ya pili ya kipimo cha mwaka 1981 ni ile hali ya mhudumu kuanza kuwaona watu kama vitu. Mwanafunzi wa sarufi anaijua hali hiyo kwa jina jingine: ni kuhamisha ngeli. Mgonjwa anastahili upatanisho wa A-WA. Mhadhiri anapouliza mbele ya wanafunzi wake, "Ile figo ya kitanda cha saba imepelekwa wapi?", mtu mzima ameondolewa katika ngeli ya watu na kuingizwa katika ngeli ya vitu. Sentensi hiyo haithibitishi kwamba mhadhiri ni mtu mbaya. Huenda ni dalili kwamba ameona mateso mengi kuliko moyo mmoja unavyoweza kubeba, na kwamba sarufi imekuwa ngao yake. Lakini wanafunzi wanaomsikiliza hawajui kwamba ni ngao. Wanadhani ndivyo daktari anavyosema, na kesho watasema hivyo hivyo. Hivyo ndivyo uchakavu wa mwalimu unavyorithishwa.

Mtu au Kazi?

Suala la pili ni kitu kinachopimwa. Hojaji nyingi humhoji mtu kuhusu nafsi yake, na hilo lina mantiki: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna awezaye kulieleza lala salama la mhadhiri isipokuwa mhadhiri mwenyewe. Tatizo huzuka pale majibu yanapofasiriwa. Mhadhiri akisema ameishiwa, ofisi hukimbilia kusema kwamba hana ustahimilivu. Basi huandaliwa semina ya kufundishwa kupumua na kupumzika, mara nyingine siku ya Jumamosi, ambayo ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo ya kupumzika. Kunguni wameonekana, lakini anayepigwa dawa ni mlalaji.

Shirika la Afya Duniani limeliweka jambo hili wazi. Katika uainishaji wake wa kumi na moja wa magonjwa, uliopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, hali hii haikuorodheshwa kama ugonjwa. Imeelezwa kuwa ni tukio la kikazi, linalotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Maana yake ni kwamba chanzo kitafutwe katika kazi. Maslach naye amekuwa akionya dhidi ya kukitumia kipimo chake kumbandika mtu mmoja mmoja jina la ugonjwa.

Utafiti mmoja uliowahusu walimu wa udaktari hasa unaonyesha njia iliyo bora. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo kuhusu wahadhiri wa idara ya tiba ya ndani katika Mayo Clinic, Marekani. Pamoja na maswali ya kawaida, wahadhiri hao waliulizwa ni sehemu gani ya kazi yao iliyo na maana zaidi kwao: kuwatibu wagonjwa, kufundisha, kutafiti au kuongoza. Kisha wakaulizwa hutumia kiasi gani cha muda wao kwa sehemu hiyo. Miongoni mwa waliotumia chini ya asilimia 20 ya muda wao katika kazi waliyoipenda zaidi, asilimia 53.8 walionekana kuathirika. Miongoni mwa waliotumia asilimia 20 au zaidi, walioathirika walikuwa asilimia 29.9.

Utafiti wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Huenda aliyechakaa ndiye anayeshindwa kuipigania nafasi ya kufanya analolipenda. Hata hivyo, uzuri wake ni kwamba umeuliza swali ambalo mkuu wa idara anaweza kulifanyia kazi. Asilimia 20 ni siku moja katika wiki ya kazi ya siku tano. Mkuu wa kitivo hawezi kuamuru mhadhiri afurahi, lakini anaweza kupanga ratiba inayompa siku moja ya kufundisha bila kuitwa wadini, au siku moja ya wadi bila kikao. Kipimo kinachoishia kwa ratiba kina faida kuliko kipimo kinachoishia kwa nasaha.

Siri na Hatima

Suala la tatu ni hatima ya majibu. Daktari akijaza hojaji, humwonyesha nani udhaifu wake? Katika taaluma hii, kukiri kwamba nafsi imelemewa huhofiwa kuwa ni kukabidhi leseni. Hofu hiyo si ya kubuni. Aprili 2020, wakati janga la korona lilipoielemea New York, Lorna Breen, daktari wa dharura aliyekuwa pia mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Columbia, alijitoa uhai. Familia yake ilieleza hadharani kwamba alihofia kupoteza leseni na heshima ya taaluma kwa sababu alikuwa amepata matibabu ya kiakili. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyopewa jina lake, inayogharimia mipango ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Nchi nyingine haina haja ya kungoja msiba kama huo ndipo iweke kanuni za siri.

Kwa hiyo, hojaji inayosambazwa na ofisi ile ile inayopandisha watu vyeo, yenye nafasi ya kuandika idara, jinsia na miaka ya utumishi, haina siri hata kama jina halikuandikwa. Katika idara yenye mwanamke mmoja aliyefundisha kwa miaka 20, jinsia na miaka vimekwisha kumtaja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayeyafichua mbele ya asiyeaminika huumbuliwa kabla ya kifo.

Vilevile, kipimo hakifai kugeuzwa kuwa mashindano. Mwaka 1975 mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alitoa onyo, kuhusu sera za fedha, ambalo tangu hapo limetumiwa katika nyanja nyingi: takwimu ikishatumiwa kuwadhibiti watu, huacha kueleza ukweli iliokuwa ikiueleza. Idara ikiambiwa kwamba fedha zitafuata alama za hali njema, alama zitapanda mara moja, na walimu watabaki walivyokuwa.

Hoja ya Anasa

Pengine pingamizi kubwa zaidi ni kwamba haya yote ni anasa. Nchi ambamo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja, itapataje wasaa wa kumuuliza daktari kama amelala vizuri? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kuuona mzigo wa daktari kuwa mwepesi kwa kuwa ana gari na cheo. Wapo hata madaktari wakongwe wanaoamini kwamba udaktari hufunzwa kwa shida, na kwamba kizazi cha sasa kinadekezwa.

Jibu linatoka ndani ya taaluma yenyewe. Chama cha Madaktari Ulimwenguni kilitunga Azimio la Geneva mwaka 1948 kuwa kiapo cha daktari wa kisasa, na kikamtaka daktari awaheshimu na kuwashukuru walimu wake. Mwaka 2017, katika mkutano uliofanyika Chicago, azimio hilo lilirekebishwa. Daktari sasa huapa pia kwamba atazingatia afya na hali njema yake ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu kabisa. Sababu iliyotolewa katika kiapo si starehe ya daktari, bali ubora wa huduma. Anayemtetea mgonjwa aliyebanwa kitandani hana budi kumtetea pia yule atakayemfundisha daktari wa kesho wa mgonjwa huyo.

Nafasi ya Kiswahili

Mambo ya kufanya yako wazi, na si ya gharama kubwa. Idara za Kiswahili na shule za tiba zinaweza kushirikiana kukusanya semi ambazo wauguzi, matabibu na wahadhiri huzitumia wanapoeleza hali zao, kabla ya kukimbilia kutafsiri hojaji yoyote. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifanya kazi hiyo kuwa tasnifu yake, badala ya tasnifu ya kumi juu ya riwaya ile ile. Watunzi wa istilahi wanaweza kuamua, kwa hoja na si kwa kura, neno gani libebe dhana ya kuchakaa kazini. Maswali yanaweza kuongezwa yanayoihoji ratiba, idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, na muda wa kazi yenye maana. Na kabla ya hojaji kugawanywa, chuo kinapaswa kutangaza kwa maandishi nani atayaona majibu, na jambo gani litabadilishwa iwapo majibu yatakuwa mabaya.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililo gumu, na ndilo la haki zaidi. Katika adabu ya Kiswahili, anayeuliza hali ya mtu hujifunga kusikiliza. Akiambiwa sijambo ila, hawezi kuendelea na safari yake kana kwamba hakusikia. Chuo kisicho tayari kulisikiliza neno lifuatalo baada ya ila hakina sababu ya kumuuliza mwalimu wake hali.